Damu Yatoa Habari za Viungo

Katika vijiji vyetu vya Dilolo, mpakani mwa Angola, wako akina mama waamkao asubuhi vidole vimekaza hata hawawezi kusonga bukari. Wengine husema ni baridi. Wengine, nasi twaona aibu kulisema, humtafuta mchawi. Si hili wala lile. Katika ugonjwa huu, ambao jina lake la baridi yabisi latudanganya, ulinzi wa mwili uliowekwa kupigana na vijidudu hugeuka ukashambulia viungo vyenyewe. Usipozuiwa mapema, mifupa huliwa, na kidole kilichopinda hakinyooki tena.

Dawa za kuuzuia zipo. Lakini daktari atajuaje kama moto umezimika kweli? Hapo huiuliza damu. Mwili ukiwaka, ini hutoa vitu fulani kwa wingi, navyo huzigandamanisha chembe nyekundu zikashuka upesi. Mwaka 1921 Alf Westergren wa Sweden alieleza namna ya kupima: damu husimamishwa katika bomba jembamba la kioo, na baada ya saa moja huangaliwa imeshuka milimita ngapi. Kipimo cha pili, CRP, hutafuta kitu walichokigundua Tillett na Francis mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Hicho hupanda kwa saa chache na kushuka kwa siku chache. Kile cha bomba hukawia majuma.

Shida yetu ni malaria. Homa hiyo, na kifua kikuu vilevile, hupandisha vipimo vyote viwili, hata kama viungo havikuvimba zaidi. Upungufu wa damu na mimba navyo hulifanya bomba liseme makubwa. Basi mgonjwa akiongezewa dawa kali kwa ajili ya hesabu peke yake, huenda ulinzi wake ukapunguzwa saa ile ile anapouhitaji. Ndiyo maana tabibu mwenye busara hupima malaria kwanza, kisha huvibonyeza viungo kimoja kimoja na kuvihesabu vilivyovimba. Wako pia wenye vidole vilivyovimba na hesabu nzuri. Hao nao waaminiwe.

Bomba la kioo halihitaji umeme, hata zahanati ndogo yaweza kulitumia, mradi lisimame wima mahali pasipotikisika. Likiinama kidogo tu, damu hushuka upesi kupita kiasi, na mama huambiwa kwamba ugonjwa wake umezidi.