Tunaofuata Baraza kwa Simu, Tuko Wangapi?



Siku hizi mikutano ya wananchi juu ya mambo ya kaunti haiishii ukumbini. Mingine hurushwa moja kwa moja kwenye simu, kwa Facebook au YouTube. Ni jambo jema. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Mama anayeuguza mtoto kule Bongwe anasikia bila kutoa nauli ya boda.

Taabu iko kwenye hesabu. Baada ya mkutano mmoja tulioufuata, tuliambiwa mamia ya watu "wameshiriki". Tukaulizana, wameshiriki vipi? Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu kuwa ametazama mtu yeyote aliyekaa kwenye video sekunde 3. Sekunde 3, hata hodi hujaitikiwa! Na akifungua mara mbili, huenda akahesabiwa mara mbili. Nambari ya maana ni ile inayoonekana mkutano ukiendelea, kwamba dakika hii wanaotazama ni kadha. Iandikeni kila robo saa. Sisi tulifanya hivyo, tukaona ikishuka, ikishuka. Habari ya maji, ambayo ndiyo tuliyoingojea, iliwekwa mwisho kabisa, na waliobaki ungewahesabu kwa vidole. Basi hao mamia walishiriki nini?

Tena simu haijui waliokaa nyuma ya mwenye simu. Akina mama kumi na wawili chini ya mwembe mmoja, kwake ni mtu mmoja. Hapa tunakumbuka wenzetu wa Tanzania. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio moja, watu wengi.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Simu moja, spika ndogo, bando la kuchangia, na daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Bando likikatika pia andikeni, maana si kwamba watu walichoka.

Kuongeza watu si kazi ya kikundi peke yake. Waandaaji waombwe kwa barua: tangazo litoke wiki moja mbele, msikitini, kanisani na kwa mzee wa mtaa, saa isigongane na swala wala na kazi ya shamba, jambo linalogusa watu wengi litangulie, na Kidigo kisikike, wazee wetu nao wamo.

Maswali yaandaliwe mapema. Yatumeni papo hapo kwenye simu, halafu pelekeni nakala pamoja na ile orodha ya daftari kwa ofisi ya wadi, ipigwe muhuri. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, kwa hivyo kikundi kinachotaka bomba la maji kisingoje Mei.