Mtoto anasoma lakini hakumbuki? Kabla hujamwita kilaza, soma hapa

Saa nne usiku, katika nyumba nyingi, mtoto wa darasa la saba au wa kidato cha nne bado ameinamia daftari. Mama akipita anamwona anasoma na moyo unatulia. Kesho yake mwalimu anauliza jambo lilelile, mtoto anakodoa macho. Matokeo yakifika nyumbani maneno ni yaleyale: “Huyu hana akili,” “kichwa maji,” “kilaza.” Wengine huongezea na fimbo.

Mzazi mwenzangu, jina kama hilo halimwingizii mtoto somo kichwani. Linamfundisha kuamini kuwa hawezi, na akishaamini hivyo haoni tena sababu ya kujaribu. Mara nyingi mtoto anayesahau hana upungufu wa akili. Tatizo liko katika namna anavyosoma, na namna hiyo inaweza kubadilishwa hapohapo nyumbani bila kununua chochote.

Wataalamu wa saikolojia huigawa kazi ya kumbukumbu katika hatua tatu: kupokea taarifa, kuitunza na kuikumbuka inapohitajika. Taarifa inaweza kupotea katika hatua yoyote, na kila hatua ina dawa yake.

Kupokea

Umemtuma mtoto dukani: sukari nusu, kiberiti, sabuni, chumvi na nyanya za mia tano. Wakati unaongea, macho yake yako kwenye katuni. Akirudi na sukari peke yake unasema amesahau. Kweli ni kwamba vile vingine hakuvipokea kabisa. Kisichopewa umakini hakiingii, na kisichoingia hakiwezi kukumbukwa.

Hata akisikiliza vizuri, mlango wenyewe ni mwembamba. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba, viwili vikizidi au kupungua. Watafiti waliofuata wanasema huenda ni vinne tu. Na vitu hivyo hudumu kwa sekunde chache usipovirudia.

Ndiyo maana namba ya simu ya tarakimu kumi hatuitaji moja moja. Tunaikata vipande vitatu: nne, tatu, tatu. Masomo nayo yanapokelewa hivyo. Mtoto anayejaribu kumeza orodha ya mikoa yote kwa mkupuo atachoka, lakini akiipanga kwa kanda, kila kanda inakuwa furushi moja. Na runinga ikiwa inanguruma pembeni ya daftari, au simu ikiwa mkononi, mlango ule mwembamba unagombaniwa.

Kutunza

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima kiasi gani kimebaki. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imeondoka. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Lakini baada ya mwezi mzima bado ilikuwepo kama sehemu moja ya tano. Yaani usahaulifu una kasi kubwa mwanzoni, halafu unapungua. Huyo alikuwa mtu mzima, tena msomi. Basi mtoto aliyesoma Jumatatu asiguse tena daftari hadi mtihani wa Ijumaa, akisahau, hajafanya kioja.

Kumbuka pia kwamba silabi zile hazikuwa na maana. Jambo linaloeleweka, lenye kamba ya kulifunga na jambo unalolijua tayari, hudumu zaidi. Mtoto aliyeelezwa mvuke kwa kuonyeshwa matone chini ya mfuniko wa sufuria ya wali ana pa kulishikilia somo la mvua. Aliyekariri maneno matupu hana.

Kwamba kutunza ni kazi yenye sehemu yake maalumu kwenye ubongo, dunia ilijifunza kwa mkasa wa Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji kutibu kifafa kikali. Madaktari waliondoa sehemu za ndani za ubongo, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Aliongea vizuri na kukumbuka utoto wake, lakini mtafiti Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, kwake alikuwa mgeni kila alipoingia. Hata hivyo alipofundishwa kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi ile. Alifariki mwaka 2008.

Mkasa huo ulionyesha kuwa kusikia na kuelewa kwa sasa ni jambo moja, na kuhifadhi ni jambo jingine linalohitaji muda. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika tukiwa tumelala. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mtoto anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajinyima ule muda ambao ubongo ungelitunza somo.

Kukumbuka

Hapa ndipo watoto wengi wanapokwama, na ndipo mzazi ana nguvu kubwa.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi wajifunze. Kundi moja liliisoma mara kwa mara katika vipindi vinne. Jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika yote linayokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, na waliojipima walikumbuka kama asilimia 61. Cha ajabu, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Huo ndio mtego wa daftari. Ukilisoma mara ya tano, maneno unayazoea, unadhani unayajua. Siku ya mtihani daftari halipo, na njia ya kulifikia jambo bila daftari hukuwahi kuipita.

Madrasa zetu zimelijua hili zamani. Anayehifadhi hasomi tu huku ametazama. Anafunga msahafu na kumsomea mwalimu kwa moyo, na aliyoyahifadhi zamani anayadurusu asije akayapoteza.

Hofu nayo huziba njia. Mtu akiwa na woga mkubwa, mwili humwaga homoni ambazo huufanya ubongo ushindwe kutoa hata kile ulichonacho. Mtoto anayeulizwa jedwali la saba huku fimbo iko juu ya meza anaweza kushindwa jambo alilolijua asubuhi.

Ufanye nini?

Badala ya kumwambia “nenda kasome,” shika daftari wewe, mwambie: “Nieleze ulichojifunza leo.” Huhitaji kuwa msomi. Hata bibi ambaye hakukanyaga shule anaweza kusema, “Hapo sijaelewa, hebu nieleze tena.” Mtoto anapohangaika kulitafuta jambo kichwani, usimkatize haraka. Kuhangaika huko ndiko kujifunza kwenyewe. Akishindwa, afungue daftari aangalie, kisha alifunge ajaribu tena.

Somo la leo mwulize tena kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Haba na haba hujaza kibaba: dakika 20 kwa siku kadhaa zinashinda saa nne za usiku mmoja. Kisha alale.

Yapo pia mambo ya kupeleka hospitali. Mtoto asiyeona ubao vizuri, anayetoka usaha masikioni au asiyesikia akiitwa kwa nyuma, hawezi kupokea somo. Anayeganda ghafla kwa sekunde chache akikodoa macho, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, anaweza kuwa na aina ya kifafa isiyo na kuanguka. Watoto wa namna hii huadhibiwa kwa uzembe ilhali wanahitaji miwani au dawa.

Leo jioni, baada ya chakula, usimwulize mwanao kama amesoma. Mwulize anakumbuka nini, kisha kaa umsikilize.