Kisiwa cha Idjwi, Nchi Yake na Watu Wake

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wa darasa la sita habari za nchi ndogo za visiwani. Tulikuwa tumekwisha kuandika ubaoni majina matatu, yaani Komoro, Shelisheli, na São Tomé na Príncipe, pamoja na ukubwa wa kila nchi na hesabu ya watu wake. Ndipo kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye wazazi wake walimvusha ziwa ili apate kusoma hapa Bukavu, akainua mkono, akasema: "Mwalimu, na Idjwi je? Mbona hukuiandika?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana tulipozitazama tena hesabu zile tuliona ya kuwa swali lake lastahili jibu.

Tazama, msomaji. Nchi ya Shelisheli, iliyopata uhuru mwaka 1976, ina visiwa zaidi ya mia, lakini ukiikusanya nchi kavu yake yote hupati ila kilomita za mraba 455 hivi, na watu wake ni kama 120,000. São Tomé na Príncipe, nchi huru tangu mwaka 1975, ina kilomita za mraba 1,000 hivi na watu wapatao 230,000. Idjwi yetu ina kilomita za mraba 300 hivi, na watu wake hukadiriwa kuwa robo milioni au kuzidi. Twasema "hukadiriwa" kwa sababu Kongo haijawahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Hata hivyo ni dhahiri ya kuwa watu wa Idjwi ni mara mbili ya watu wa Shelisheli, nao wanakaa mahali pembamba zaidi. Shelisheli ina Rais wake, bunge lake na kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Idjwi ni teritware moja tu kati ya teritware nane za Kivu ya Kusini.

Kwa nini basi kisiwa kimoja kiwe taifa na kingine kisiwe? Ili tujibu yatupasa kwanza kukijua kisiwa chenyewe, kwa maana wengi wetu hapa Bukavu twakijua kwa mananasi yake tu.

Anayesafiri kwa meli kutoka Bukavu kwenda Goma huwa na Idjwi ubavuni kwa muda mrefu wa safari. Urefu wake, toka ncha ya kusini hata ncha ya kaskazini, ni kilomita 40 hivi. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, Ukerewe ya Ziwa Victoria ndiyo inayokipita kwa ukubwa. Nacho si kisiwa cha mchanga na minazi kama vile vya pwani. Ni mgongo wa mlima uliozungukwa na maji. Zamani sana, kabla ya historia ya watu, maji ya bonde hili yalitiririka kwenda kaskazini. Kisha volkano za Virunga zikainuka na kuiziba njia. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda, yakafunika mabonde, na vilima virefu vikabaki vimetoa vichwa. Mwishowe maji yakapata mlango upande wa kusini, hapa hapa Bukavu, unapoanzia mto Ruzizi unaoyapeleka Tanganyika. Uso wa ziwa uko mita 1,460 juu ya bahari, na vilele vya kisiwa hupita mita 2,000. Ndiyo sababu, ingawa Idjwi iko digrii mbili tu kusini ya ikweta, usiku wake unahitaji blanketi. Mvua hunyesha toka Septemba hata Mei, na mashamba hupanda vilima mpaka juu, kipande juu ya kipande, bila kuacha nafasi ya mbuzi kugeukia.

Sasa tuje kwa serikali. Asidhani mtu ya kuwa Idjwi haikuwahi kujitawala. Tangu mwanzo wa karne ya 19 ilikuwa na mwami wake wa ukoo wa Basibula. Wa kwanza kutawala kisiwani aliitwa Mwendanga, akafuatwa na mwanawe Kabego. Watu wengi wa kisiwa ni Bahavu, ingawa mababu zao walifika kutoka pande nyingi za ziwa, na pamoja nao wako Batwa, ambao wamepata ardhi ndogo kuliko wote. Jambo la kupendeza ni namna ufalme ule ulivyowaunganisha. Kila mwaka ilifanyika sherehe ya mazao mapya, iliyoitwa Muganuro, na koo mbalimbali zilikuwa na kazi zao ndani yake. Wataalamu wa historia wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, nao wameona ya kuwa ufalme wa Idjwi ulisimama hasa kwa kuwa koo hizo ziliuhesabu kuwa ni wao, na si kwa nguvu ya mikuki.

Mikuki ilikuwa mingi zaidi ng'ambo ya pili. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alikishambulia kisiwa mara nyingi, akamwua Kabego, akakitawala. Alipofariki Rwabugiri mwaka 1895, Idjwi ilirudi mikononi mwa wazao wa Kabego. Lakini wakati huo Wazungu walikuwa wamekwisha kufika na kalamu zao. Wajerumani walidai kisiwa ni chao, na Wabelgiji vilevile. Mwaka 1910 wajumbe wao, pamoja na Waingereza, walikutana Brussels, wakapitisha mpaka katikati ya ziwa, na Idjwi ikawekwa upande wa Kongo. Hatujasoma popote ya kuwa mtu wa Idjwi aliulizwa neno. Mwezi wa Septemba 1914, vita kuu ilipoanza, Wajerumani walikiteka kisiwa, na mwaka 1916 Wabelgiji wakakirudisha. Katika zama za Wabelgiji utawala wa kisiwa uligawanywa mara mbili, na mgawanyo huo ungaliko: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini, kila upande na mwami wake. Juu yao, kwa sheria ya nchi, yuko msimamizi wa teritware, ambaye huwekwa na serikali na makao yake ni Bugarula.

Hilo basi ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali. Shelisheli na Komoro, siku ya uhuru ilipokaribia, zilikuwa zikitawaliwa kila moja peke yake, na siku hiyo kila moja ikatoka ikiwa nchi ya peke yake. Idjwi iliingia ikiwa kipande cha Kongo, ikatoka hivyo hivyo mwaka 1960. Wala hatusemi ya kuwa imekosa bahati. Komoro, tangu uhuru wake wa mwaka 1975, imepinduliwa serikali mara nyingi, na kisiwa chake cha nne, Mayotte, kilibaki na Ufaransa.

Nusu ya pili ya swali ni uchumi, na hapa ndipo penye uchungu.

Mtu wa Idjwi hulima ndizi, maharagwe, muhogo, viazi vitamu, mananasi na kahawa. Hufuga mbuzi, nguruwe na kuku wachache. Ndizi nyingine hugeuzwa kasiksi, na katika habari hiyo hatutasema mengi, kwa kuwa wasomaji wetu wengine wanaijua kuliko sisi. Usiku huvua sambaza. Samaki hao wadogo, jamaa ya dagaa, hawakuwamo Ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika na kutiwa humu mnamo mwaka 1959, wakazaana ajabu. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa, na samaki huifuata nuru mpaka juu ya wavu. Ukiwa pwani usiku wa giza utawasikia wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi.

Ardhi ni ndogo, na kila baba huigawa kwa wanawe. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda walivuka kwa mitumbwi na kupokewa kisiwani, na miti mingi ikakatwa kwa kuni. Vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998 vilikipita kisiwa kwa mbali kuliko nchi kavu, na hiyo ni neema. Lakini amani peke yake haizidishi shamba. Tena kisiwa hakijaungwa na nyaya kubwa za umeme, ingawa katika vilindi vya ziwa lao imo hewa ya methani nyingi mno. Ng'ambo, karibu na Kibuye, Warwanda wamejenga mtambo wa kuivuta hewa hiyo, nao tangu mwaka 2016 unatoa megawati 26. Usiku mtu wa kisiwani huziona taa za ng'ambo akiwa ameketi karibu na koroboi.

Lakini shida iliyo kubwa ni njia. Chochote alicho nacho mtu wa Idjwi cha kuuza hakina budi kupanda mtumbwi. Nanasi lisilopata chombo leo, kesho kutwa limeoza. Sabuni, chumvi, vitabu vya shule, dawa za zahanati, vyote huja kwa maji, na kila mkono unaoshika kamba ya mtumbwi pwani hutaka chake. Na maji yenyewe hayana mzaha. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kilizama ziwani na watu zaidi ya mia wakakosekana. Ndipo ikaamriwa kila msafiri avae jaketi la kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kingine, kilichotoka Minova kimejaa kupita kiasi, kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Goma, watu wa pwani wakitazama, na makumi ya abiria wakafa. Mwaka 2025, waasi wa M23 walipoitwaa Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, kisiwa kilijikuta kati ya masoko yake mawili yaliyofadhaika yote mawili.

Katika habari hii ya njia, kahawa ndiyo iliyowagharimu zaidi. Kwa miaka mingi, baada ya mashamba makubwa na biashara yake kuharibika wakati wa Zaire, mkulima hakuwa na mnunuzi wa haki upande wetu. Aliivua kahawa yake maganda kwa mkono, akaianika chini, na akaambiwa haina thamani. Ng'ambo, Rwanda, walilipa zaidi. Basi alingoja usiku, akapakia magunia kwenye mtumbwi, akavuka bila taa, akiogopa askari wa pande zote mbili kuliko alivyoogopa mawimbi. Wengi hawakurudi.

Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 2023 tulikwenda kumtembelea kijana wetu kwao, katika sehemu ya kusini. Baba yake ni mtu wa maneno machache. Alituambia ya kuwa aliwahi kuvuka hivyo mara tatu, na ya kuwa mara ya nne alikuwa na homa, akaenda ndugu yake mdogo. Hakuongeza neno. Mke wa ndugu yule alikuwa hapo akitukaribisha viazi.

Kisha akatupeleka kuona kituo cha kuoshea kahawa. Tangu miaka ya 2010 na kuendelea vyama vya ushirika vimeanza kujenga vituo hivyo kisiwani, na faida yake ni rahisi kuelewa. Mkulima huleta kahawa nyekundu siku ile ile aliyoichuma. Huimwaga katika maji, na mbovu huelea ikaondolewa. Nzuri huondolewa ganda kwa mashine, huachwa katika birika mpaka utelezi wake uchachuke, huoshwa tena katika mfereji, kisha huanikwa juu ya meza ndefu za nyavu, ambako akina mama huigeuza na kuichagua kwa vidole kwa siku nyingi. Kahawa ya namna hiyo hununuliwa Ulaya na Marekani kwa jina la Kivu, wala haina haja ya kuvushwa usiku. Huondoka mchana, na karatasi zake. Fedha si nyingi, tena mara nyingine hukawia, na chama kisicho na hesabu safi huvunjika upesi kama mtungi. Tulimwuliza baba yule kama sasa ameridhika na bei.

"Bei bado," akasema. "Lakini usiku ninalala."

Mawingu yalikuwa yakija kutoka upande wa Kalehe. Akatuomba radhi, akamwita mwanawe, na wote wawili wakakimbilia meza kuifunika kahawa kabla ya mvua.