Stempu Isitengwe na Bahasha Yake

Liko kosa moja ambalo wakusanyaji wa stempu za muda za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hawamsamehe mtu: kuloweka bahasha kuukuu ili stempu ibanduke. Wakusanyaji wengine huloweka bila wasiwasi, wakazikausha stempu zao na kuzipanga kwenye albamu. Kwa hawa wa stempu za muda ni mwiko, na desturi zao nyingi zimeota juu ya mwiko huo.

Asili yake ni mwaka 1861. Majimbo ya Kusini yalipojitenga ili kuulinda utumwa, posta ya Marekani ilikoma kuyahudumia mwishoni mwa Mei. Tarehe 1 Juni, Shirikisho la Kusini likaanza kuendesha posta yake chini ya Postamasta Mkuu John H. Reagan wa Texas. Nauli ya barua ilikwisha kupangwa: senti 5 kwa safari isiyozidi maili 500, senti 10 kwa iliyozidi. Kilichokosekana ni stempu. Ya kwanza ya Shirikisho, yenye sura ya Rais wake, Jefferson Davis, ilitoka katikati ya Oktoba. Kwa miezi minne na zaidi, aliyetaka kutuma barua ilimbidi alipe fedha taslimu dirishani, na sarafu ndogo zilikuwa adimu. Karani alipokea, akagonga muhuri wa kuonyesha kwamba barua imelipiwa.

Baadhi ya mapostamasta hawakusubiri makao makuu, wakachapisha stempu zao, nazo ndizo hizo stempu za muda. Kwa kuwa hapakuwa na serikali iliyosimama nyuma ya karatasi hizo, wengi waliweka majina yao juu yake, kama mtu anayejidhamini. Stempu za New Orleans zina jina la J. L. Riddell, ambaye pia alikuwa mwalimu wa kemia na mtaalamu wa mimea. Za Lynchburg, Virginia, zina la R. H. Glass, za Goliad, mji mdogo wa Texas, zina la J. A. Clarke. Zana za kuchapia zilikuwa zilezile zilizopatikana mjini: herufi za risasi au kipande cha ubao cha kuchonga. Huko Mount Lebanon, Louisiana, mchoro ulichongwa bila kugeuzwa, basi maandishi yakatoka kinyumenyume. Stempu ya mji huo inayojulikana ni moja tu duniani, nayo bado imeganda kwenye bahasha yake.

Stempu duni namna hiyo ni rahisi kughushi, na waghushi hawakuchelewa. S. Allan Taylor wa Boston, aliyevuma kwa kazi hiyo katika karne ya 19, alichapa hata stempu za Kusini ambazo hazikutolewa na posta yoyote. Ndiyo maana bahasha inathaminiwa mno. Ina muhuri wa mji, tarehe, mwandiko na anwani. Juu ya yote, mkusanyaji hutazama kama muhuri umeikanyaga stempu na karatasi ya bahasha kwa pamoja, wino ukapita bila kukatika. Stempu iliyobanduliwa imepoteza mashahidi hao wote.

Hata hivyo bahasha nayo huweza kuchezewa, kwa hiyo pana desturi ya cheti. Kitu kikiuzwa kwa bei kubwa, mnunuzi hutaka kwanza kamati ya wajuzi iamue, baada ya kukipima chini ya kioo cha kukuzia na taa ya urujuanimno. Hakuna anayeona haya kuombwa cheti, wala kukiomba si tusi.

Desturi nyingine ni kutaja nasaba. Bahasha maarufu hutambulishwa kwa kuhesabu mikono iliyopitia, na jina la mkusanyaji Philipp von Ferrary wa Paris likitajwa, watu hutega sikio. Alifariki mwaka 1917, na kuanzia 1921 serikali ya Ufaransa ilipiga mnada hazina yake kama mali ya adui. Mwingine ni Alfred Caspary wa New York, ambaye mkusanyo wake uliuzwa katika miaka ya 1950. Nasaba hizi si za kujigamba tu. Bahasha iliyoonekana mnadani miaka 100 iliyopita ikiwa na stempu mbili haiwezi kuibuka leo ikiwa na tatu bila mtu kuuliza.

Lipo pia suala ambalo jamii hii ililikwepa kwa muda mrefu. Chama chao, Confederate Stamp Alliance, kilianzishwa mwaka 1935, na wanachama waliokitumikia vizuri walitunukiwa vyeo kama Kanali na Jenerali, kana kwamba jeshi la Kusini lingali hai. Siku hizi chama kinaitwa Civil War Philatelic Society, na naona jina hilo linalingana zaidi na kazi yenyewe. Miongoni mwa bahasha wanazozitunza zimo za wafanyabiashara wa watumwa. Waliouzwa hawana barua nyingi kwenye albamu hizo, kwani majimbo kadhaa ya Kusini yalikuwa na sheria za kuzuia wasifundishwe kusoma na kuandika. Anayeshikilia kwamba bahasha ni shahidi hana budi kusikiliza ushahidi wake wote, pamoja na ule unaomchukiza.

Somo hili la kutoitenga stempu na bahasha linawahusu pia wasomaji wa Kiswahili, hasa wa Lubumbashi na Likasi. Katanga ilipojitenga mwaka 1960, stempu za Kongo ya Kibelgiji ziligongwa neno KATANGA juu yake na kutumika. Huenda mzee fulani bado ana barua za wakati ule ndani ya sanduku. Anayezirithi asikimbilie beseni la maji. Aziache stempu mahali zilipo, barua ibaki ndani ya bahasha yake, na aandike pembeni, kwenye karatasi nyingine, nani alimwandikia nani.