Ua la Kibo Linalojifunga Hata Likifa

Apandaye Kilimanjaro, akishauacha msitu nyuma, hukutana na vichaka vifupi vya kijivu vyenye majani ya manyoya laini. Juu yake kuna maua meupe yanayochakarika ukiyagusa. Ni Helichrysum newii, mmea wa jamii moja na alizeti. Wageni wengi huupiga picha wakidhani umeshakauka. Mmea u hai. Zilizokufa ni zile zinazoonekana kama petali.

Nazo si petali hasa. Kama kwenye alizeti, tunachokiita ua ni mkusanyiko wa vijiua vingi vya njano vilivyobanana katikati. Vyeupe vinavyovizunguka ni vijani vilivyogeuka magamba, ambavyo seli zake hufa mapema na kubaki kuta tupu. Lakini magamba hayo hufanya kazi yakiwa maiti. Hewa ikikauka hukunjuka. Ukungu ukitanda, upande wa nje wa gamba hunyonya unyevu na kuvimba kuliko wa ndani, hivyo gamba hupinda na kuvifunika vijiua. Utomvu hauhusiki, wala uhai wa mmea. Ua lililokaushwa miezi mingi likiloweshwa hujifunga, na likikauka hufunguka tena. (Usilichume mlimani kwa majaribio, ile ni hifadhi ya taifa tangu 1973. Maua makavu ya jamaa zake huuzwa madukani, nayo hufanya vivyo hivyo.)

Kinga hiyo inahitajika sana. Karibu na ikweta, tofauti kubwa ya joto haiko baina ya miezi bali baina ya mchana na usiku: saa sita jua huunguza, na kabla ya alfajiri udongo umeganda. Hapa kupukutisha majani na kungoja majira mema hakusaidii, kwa kuwa baridi hurudi kila usiku. Kwa hiyo mmea huu hubaki na majani mwaka mzima, umejifunika manyoya yanayorudisha sehemu ya mwanga mkali na kuzuia upepo usiyanyang'anye majani maji yake. Adui asiyeonekana yuko chini: maji ya udongoni yakiganda huota kama sindano za barafu, huinua tabaka la juu na kung'oa miche michanga.

Jina newii limetokana na Charles New, mmisionari Mwingereza aliyekuwa Ribe, karibu na Mombasa. Mwaka 1871 alifika kwenye theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na kurudi na mimea, ambayo ilipelekwa kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza.

Sifa inayorudiwa zaidi ni ya kimo: mmea huu umeonekana ndani ya kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye mlima wa mita 5,895. Ni sifa ya kweli, ila mimi naona nusu yake ni ya volkano. Ulikutwa karibu na tundu linalotoa mvuke, mahali ambapo ardhi ina joto na unyevu. Hatua chache kando yake ni majivu na barafu. Kufika huko hakukuwa kazi ngumu sana, maana kila mbegu yake ina shada la nywele nyepesi, na pepo za mchana hupanda mlima.