FIDIA AU KIKOMBOLEO? Istilahi za Bima ya Uhalifu wa Kompyuta

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, wajibu wa mfasiri wa nyaraka umekuwa mzito zaidi. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache za bima ya uhalifu wa kompyuta, ambamo neno moja lisilo wazi laweza kumkosesha mtu malipo.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha minofu ya sangara jijini Mwanza. Samaki hutoka ziwani, lakini ankara, hati za kusafirishia minofu Ulaya na kumbukumbu za malipo hukaa katika kompyuta. Kiwanda cha namna hiyo chaweza kupatwa na mikasa miwili. Wa kwanza: wahasibu wanakuta mafaili yote yamefungwa, na maandishi yanadai sarafu za bitikoini ndipo yafunguliwe. Wa pili: mhasibu anapokea barua pepe inayojifanya imetoka kwa muuza mitambo, ikimwarifu kuwa akaunti ya benki imebadilika, naye analipa. Katika mkasa wa kwanza mhasibu ametishwa. Katika wa pili amedanganywa. Hati ya bima yaweza kukinga mkasa mmoja na kuuacha mwingine.

Tatizo kubwa limo katika neno fidia. Katika bima, fidia ni malipo ya kumrejeshea mwenye bima hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, pasipo kumpa faida. Lakini neno hilohilo, lenye asili ya Kiarabu, hutumika pia kwa mali itolewayo ili kumkomboa mateka. Mfasiri asipotahadhari ataandika: "Kampuni italipa fidia kwa fidia iliyotolewa kwa idhini yake." Karani atakayeisoma sentensi hiyo atajuaje ni fidia ipi apewayo mwenye bima, na ni ipi apewayo mhalifu?

Kwamba neno moja laweza kuamua shauri zima si jambo la kubuni. Mwaka 2017 kampuni ya mafuta ya G&G Oil, katika jimbo la Indiana, Marekani, ilifungiwa kompyuta zake ikalipa bitikoini zenye thamani ya karibu dola 35,000. Kampuni ya bima, Continental Western, ilikataa kulipa. Ilidai kuwa hati ilikinga ulaghai kwa kutumia kompyuta, na kwamba tendo lile lilikuwa wizi, si ulaghai. Mahakama mbili zilikubaliana nayo. Mwezi Machi 2021 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo ilitengua uamuzi huo. Ilisema kuwa ulaghai waweza kumaanisha kupata kitu kwa hila, lakini si kila utekaji wa kompyuta hufanywa kwa hila. Hivyo shauri likarudishwa likasikilizwe.

Nchini kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeutaja udanganyifu unaohusiana na kompyuta kuwa kosa. Hata hivyo, jambo kuwa kosa la jinai hakulifanyi likingwe na bima. Kinachotazamwa ni maneno ya hati. Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Programu ya utekaji: programu hasidi inayofunga mafaili na kumzuia mwenyewe asiyatumie mpaka alipe.

(b) Kikomboleo: mali anayodai mhalifu ili aachilie alichokiteka. Neno hili ni la siku nyingi na halina utata.

(c) Ulaghai wa kompyuta: kutumia kompyuta kwa hila ili fedha ihamishwe isivyo halali.

(d) Fidia: malipo ya kampuni ya bima kwa mwenye bima, na si vinginevyo.

Kwa mpango huu sentensi yetu itasomeka: "Kampuni italipa fidia kwa kikomboleo kilichotolewa kwa idhini yake." Mlipaji na mlipwaji sasa wanajulikana.

Walimu wa masomo ya biashara, wafasiri na watumishi wa serikali wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maneno mengine yanayotumika mahali walipo.