Mapenzi Hayalipi Kibandani

Mwenye kibanda umiza pale Pongwe, kando ya barabara ya Tanga kwenda Muheza, hawezi kuonyesha filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953 akategemea kulipia umeme. Hadithi yenyewe haina ubaya: binti wa mfalme anatoroka ubalozini usiku, anaokotwa na mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyechacha, wanapendana. Audrey Hepburn aliondoka na Oscar. Hesabu ndiyo inayogoma.

Kiingilio cha kibanda ni shilingi mia kadhaa, kwa hiyo faida iko kwenye benchi kujaa. Simba na Yanga hulijaza bila matangazo. Filamu za ngumi huziba pengo la siku zisizo na mechi, na hizo nazo haziuziki bila mkalimani, yule DJ anayeweka sauti yake juu ya filamu, akabadili majina na kutia utani wa mtaani. Lufufu alijijengea jina Dar es Salaam kwa ufundi huo. Ngumi humvumilia mkalimani, maana hata asiposikika pigo linaonekana. Roman Holiday ni mazungumzo, na kichekesho chake kimo katika kile ambacho wahusika wanafichana. Mkalimani akipitwa na sentensi mbili, wateja wanadai mpira.

Enzi za majumba ya sinema ya Majestic na Novelty, Tanga mjini, filamu za mapenzi yalilipa, ila yalikuwa ya Bombay zaidi kuliko ya Hollywood. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa pwani nzima. Mteja wa sinema alikuwa familia: mama, mabinti na shangazi, tena miji ya pwani ilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Baadaye Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, usambazaji wa filamu ukawa mikononi mwa Kampuni ya Filamu Tanzania, kisha zikaingia kanda za video. Kibanda kilirithi biashara, hakikurithi wateja wote. Benchi lisilo na mgongo, joto, kelele za vijana: mama gani atampeleka binti yake humo?

Mapenzi yakamfuata mama sebuleni. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili, na watu wakaifuatilia kwa sababu ugomvi wa wakwe wanaujua. Azam nayo ikaja na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Fedha ya mapenzi sasa iko kwenye ving'amuzi na matangazo.

Kuna pia gharama ambayo vibanda vingi hujifanya haviioni, yaani haki za mwenye filamu. Anayeilipa pamoja na leseni ataona mara moja kwamba kiingilio cha mia kadhaa hakitoshi.

Ningekuwa na mtaji, ningetafuta kwanza ukumbi wenye viti na feni, alasiri ya Jumamosi, na mkalimani mwanamke anayejua kuchekesha. Filamu ningeikodi mwisho.